Sura ya Sita: Nusu ya Uwanja

Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 iliwajaza Wakenya macho hata hawakuona kingine. Paul Ereng, mtoto wa Trans Nzoia, alishinda mbio za mita 800. Peter Rono, kijana wa Nandi, akashinda za mita 1,500. John Ngugi aliwatoroka wenzake mapema mno katika mita 5,000 na hawakumwona tena, Julius Kariuki akachukua mbio za kuruka viunzi na maji, na ulingoni Robert Wangila akamwangusha Mfaransa kwenye fainali. Dhahabu 5 kwa safari moja. Nani angepata nafasi ya kuuliza habari za tenisi?

Tenisi ilikuwapo. Ilikuwa imerudishwa kwenye Olimpiki kama mchezo wa medali baada ya miaka 64, namba ambayo mtu wa Eldoret hawezi kuisahau, maana mji wake ulianzia shamba nambari 64 na wazee bado wanauita Sisibo. Na katika msafara wa Kenya alikuwemo Paul Wekesa wa Nairobi, aliyezaliwa Julai 1967, mwezi mmoja na Rono. Ereng alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Virginia, Rono alikuwa Mount St. Mary's kule Maryland, na Wekesa alikuwa amepitia Chapman, California. Watatu hawa walitoka nchini kwa mlango uleule: chuo cha Marekani kinachomlipia mwanamichezo karo ili akichezee.

Wekesa hakurudi na medali. Lakini mwaka huohuo wa 1988, huko Tel Aviv, alishinda mashindano ya wachezaji wawili wawili akiwa na Roger Smith wa Bahamas, ambaye miezi michache kabla alikuwa amemshinda Ivan Lendl, nambari 1 wa dunia wa wakati huo. Mwaka 1989 akarudi Seoul, safari hii na Mmarekani Scott Davis, wakaondoka na taji. Alipostaafu alikuwa na mataji 3 ya ngazi ya juu ya tenisi ya kulipwa, yote ya wawili wawili. Katika mchezo wa mmoja mmoja alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, na hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kufika hapo.

Jina la Ereng lilitangazwa redioni mpaka watoto wa shule wakaliimba. La Wekesa lilibaki kwenye vilabu. Sitaki kulalamika kwa niaba yake, kwa sababu kazi yenyewe ya tenisi ya wawili wawili imejengwa hivyo: kila mafanikio yana wenyewe wawili, na katika kesi ya Kenya mmoja wao amekuwa mgeni kila mara. Bahamas, Marekani, na baadaye, kama tutakavyoona, Uholanzi. Nchi yetu ikigusa kilele cha tenisi ya dunia, huwa imeshikana mkono na mtu wa kwingine.

Nataka kuitazama kazi hii nikiwa Ziwa. Najua ni mahali pa ajabu pa kuitazamia. Ziwa ni mji mdogo wa Uasin Gishu, katika eneobunge la Soy, kwenye ile barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale inayokata ndani ya mashamba. Msimu wa mavuno barabara hiyo ni ya matrekta na malori ya mahindi. Alfajiri, kabla matrekta hayajaamka, ni ya wakimbiaji. Hapa riadha haihitaji kufafanuliwa. Kila mtu anajua bei ya viatu vya kukimbilia, anajua nani kapata viza na nani kanyimwa, na akiona nyumba mpya ya ghorofa kando ya mji anaweza kukuambia ilijengwa na mbio za mji gani. Tenisi, kwa upande mwingine, huonekana kwenye televisheni ya hoteli, Julai, wakati mtu anasubiri habari za saa moja.

Ndiyo maana Ziwa ni kipimo kizuri. Mtu anayeielewa biashara ya mbio anaweza kuuliza maswali ya maana kuhusu biashara ya raketi, na swali la kwanza atakalouliza ni hili: nani analipa nauli?

Katika mbio, kijana anayekimbia vizuri kwenye barabara ya vumbi anaonekana. Kocha anamsikia, meneja anamjaribu, na akiridhika anamtafutia shindano Ulaya, anamnunulia tiketi na kumpangia hoteli. Baada ya hapo hukata sehemu yake ya zawadi, kwa kawaida asilimia 15. Mfumo huu una madhambi yake na wakimbiaji wengi wanaweza kukusimulia usiku kucha, lakini una sifa moja kubwa: maskini anaweza kuingia bila senti mfukoni. Saa haidanganyi na haimwulizi mtu alikotoka. Ukikimbia kilomita 42 kwa saa mbili na dakika tano, kesho yake simu italia.

Tenisi haina saa. Ina orodha. Nafasi ya mchezaji hutokana na pointi, na pointi huvunwa wiki baada ya wiki katika mashindano yaliyotapakaa duniani. Aliye chini huanzia mashindano madogo ambayo fungu lake lote la zawadi ni dola 15,000, zinazogawanywa kwa washiriki wote, kuanzia bingwa hadi aliyetolewa mapema. Jozi inayoshinda upande wa wawili wawili katika mashindano ya namna hiyo hupata kiasi kisichofika dola 1,000, wagawane. Toa nauli ya ndege, toa malazi, toa nyuzi za raketi zinazokatika, toa chakula. Bingwa anarudi nyumbani na deni. Hakuna meneja wa kumlipia mtu safari thelathini za hasara kwa matumaini kwamba mwaka wa tano atajulikana. Anayelipa ni mzazi, shirikisho, au mfadhili, na mara nyingi hakuna.

Sasa twende ndani ya uwanja wenyewe, kwa sababu wengi wanaotazama tenisi ya wawili wawili huidhania ni tenisi ya kawaida iliyopunguzwa jasho.

Uwanja una urefu wa mita 23.77. Kwa mmoja mmoja upana ni mita 8.23, wakicheza wawili wawili, vile vichochoro vya pembeni hufunguliwa na upana unakuwa mita 10.97. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba kila mchezaji amebakiwa na eneo dogo kuliko angekuwa peke yake. Kwa hiyo mbio hupungua, na mahali pake huingia kitu kingine, cha haraka zaidi na cha siri.

Tazama pointi moja. Anayeanzisha mpira amesimama nyuma ya mstari, anaudundisha. Mwenzake kachuchumaa karibu na wavu, amempa mgongo, mkono mmoja umefichwa kiunoni. Vidole vinazungumza: ngumi, nabaki hapahapa, kiganja wazi, nitavuka. Sekunde chache kabla walikutana katikati, kila mmoja ameziba mdomo kwa mpira ili wapinzani wasisome midomo, wakakubaliana servi iende wapi. Mpira unapigwa. Anayepokea ana chini ya sekunde moja kuamua: arudishe kwa mshazari kama kawaida, au apige wima kwenye kichochoro kwa kuwa anashuku yule wa wavuni atavuka? Yule wa wavuni anajua kwamba anashukiwa. Anayumba kama anayevuka, anarudi. Voli moja, pointi imekwisha. Mara nyingi mipigo haifiki minne, na mtazamaji aliyeinama kuchukua soda hajaona kitu.

Kazi hii haimdai mtu mapafu ya wakimbiaji wa Kaptagat. Inamdai mikono myepesi, servi inayotii, na uwezo wa kumvumilia binadamu mwingine kwa miezi kumi ya mwaka. Ndiyo maana watu huishi nayo muda mrefu. Rohan Bopanna wa India, aliyekulia Coorg katika familia ya wakulima wa kahawa, alifika nambari 1 duniani katika wawili wawili Januari 2024, akiwa na miaka 43, baada ya kushinda Australian Open na Matthew Ebden. Magoti yake yalikuwa yameisha gegedu, akawa anayatunza kwa yoga. Mkimbiaji wa miaka 43 mwenye magoti kama hayo angekuwa Eldoret anakusanya kodi ya nyumba zake za kupangisha.

Kuna jambo la mwinuko wa nchi ambalo hufikirisha. Uasin Gishu imekaa juu, Eldoret ikiwa takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa mapafu ya mkimbiaji hewa hiyo nyepesi ni mtaji. Kwa mpira wa tenisi ni pepo: unaruka mbali na kwa kasi zaidi kwa sababu hewa haiuzuii, hata Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeidhinisha mipira maalumu ya kutumika mahali palipozidi mita 1,219. Anayejifunza tenisi katika nyanda za juu hugundua mapema kwamba kukaa nyuma na kubadilishana mipigo ishirini ni shida, na kwamba servi kali inayofuatwa na mbio za kwenda wavuni inalipa. Huo ndio mchezo wa wawili wawili. Nairobi nayo iko juu ya kiwango hicho cha mipira maalumu. Sitasema mwinuko ndio uliomfanya Wekesa kuwa alivyo, ila nisingeshangaa kama ulimsaidia.

Basi kwa nini nyanda hizi za mahindi, zenye hewa ya kufaa, hazikutoa jozi hata moja?

Jibu, au sehemu yake, liko kwenye ua. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, Makaburu waliofika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908 na Waingereza waliowafuata. Walowezi wa namna hiyo walipenda tenisi, kote katika makoloni ya Uingereza. Ilichezwa vilabuni na mbele ya nyumba, chai ikisubiri mezani. Mwafrika aliingia pale kuokota mipira, kumwagilia maji uwanja wa udongo, kuuvingirisha, kupaka mistari chokaa. Riadha ilipitia mlango mwingine: shule za msingi, jeshi, polisi, magereza. Mwalimu wa misheni asiye na kitu aliweza kupima duara nyasini na kupuliza filimbi. Uhuru ulipokuja na mashamba yakakatwa vipande kwa mipango ya makazi na vyama vya kununua ardhi, duara la nyasi lilibaki shuleni. Uwanja wa tenisi, ukiwa haupaliliwi, hauchukui misimu mingi kugeuka shamba la mahindi. Na kusema kweli, mwenye ekari tano na watoto sita alifanya uamuzi wa busara.

Zimbabwe inaonyesha ingekuwaje vinginevyo. Nje ya Harare, kwenye shamba la maparachichi, Don Black, aliyewahi kucheza Wimbledon katika miaka ya 1950, alijitengenezea viwanja vya nyasi na kuwafundishia hapo watoto wake watatu. Byron alishinda French Open ya wawili wawili mwaka 1994 akiwa na Jonathan Stark na kufika nambari 1 duniani. Wayne alishinda US Open mwaka 2001 na Australian Open mwaka 2005 akiwa na Kevin Ullyett. Cara, kitinda mimba, alikaa nambari 1 kwa jumla ya zaidi ya miaka mitatu, akashinda mataji 5 makubwa ya wanawake wawili wawili na mengine 5 ya mchanganyiko, mawili kati ya hayo akiwa na kaka yake Wayne: Paris mwaka 2002 na Wimbledon 2004. Familia moja, shamba moja. Lakini walikuwa na ardhi, viwanja, baba kocha, na wenzi wa kucheza nao waliolala chumba cha pili. Mtu akitaka kujua tenisi ya wawili wawili inaanzia wapi, inaanzia hapo: kwenye kuwa na wa kucheza naye.

Wasio na ndugu wa kucheza nao hulazimika kuposa. Soko la wenzi katika tenisi ya kulipwa ni kitu cha kuchekesha na cha kuumiza. Ili jozi iingie kwenye mashindano, nafasi za wachezaji wawili hujumlishwa, na jozi zenye jumla ndogo ndizo zinazoingia. Mashindano makubwa manne huchukua jozi 64. Mengi ya wiki za kawaida huchukua 16 tu. Kwa hiyo wa nafasi ya 90 akimpata mwenzi wa nafasi ya 40 ana matumaini. Akimpata wa 150 amebaki nje. Kila mmoja anamtafuta aliye juu yake. Siku hizi ni ujumbe wa simu: "Una mtu wiki ya Lisbon?" Kimya ni jibu pia. Zama za Wekesa ilikuwa ni kufika mwenyewe, kusimama karibu na meza ya kujiandikisha na kutazama nani ametokea peke yake. Wengine huachana baada ya wiki moja, wengine baada ya taji, wengine kwa sababu mmoja ameoa na hataki tena kusafiri. Bob na Mike Bryan, mapacha wa California, waliwazidi wote kwa sababu hawakuwahi kuingia sokoni: walizaliwa wakiwa jozi, na walipostaafu Agosti 2020 walikuwa na mataji 119 pamoja, 16 yakiwa ya mashindano makubwa.

Halafu kuna wachezaji maarufu wa mmoja mmoja ambao huamua, wiki wakijisikia, kuingia wawili wawili kwa kujinyoosha viungo. Kanuni huwaruhusu kutumia nafasi zao za mmoja mmoja, wakaingia, na jozi mbili tatu za watu wanaoishi kwa kazi hiyo zikabaki nje. Hakuna kinachowakera zaidi wataalamu wa wawili wawili, na mimi nawaelewa.

Fedha zenyewe zinasema wazi nani anahesabiwa mwenye mji. Wimbledon ya mwaka 2025 ilimpa bingwa wa mmoja mmoja pauni milioni 3. Jozi iliyoshinda wawili wawili ilipata pauni 680,000, yaani 340,000 kwa kila mtu, karibu moja ya tisa. Ni fedha nzuri mno, usinielewe vibaya. Zingenunua sehemu nzuri ya Ziwa. Lakini ni za jozi chache tu duniani kwa mwaka. Tangu mwaka 2006 mechi za kawaida za wanaume zimefupishwa pia: gemu ikifika sare ya 40 kwa 40 pointi moja inaamua, na seti ya tatu imeondolewa, mahali pake pakawekwa mkwaju wa pointi 10. Waandaaji walitaka mechi zinazoingia kwenye ratiba ya televisheni. Walizipata. Mchezaji naye alipata kazi ambayo mwezi wake wa mapato unaweza kuamuliwa na dakika kumi za bahati.

Mtu wa Ziwa anaweza kunikatiza hapa na kusema, mbona kazi hii tunayo? Kweli, ipo inayofanana nayo: ya wawekaji kasi. Wako vijana wengi wa Uasin Gishu na Nandi ambao hulipwa kukimbia kilomita 25 au 30 mbele ya nyota, kumkinga upepo, kushika kasi waliyoagizwa, kisha kutoka pembeni. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa na wawekaji kasi 41 waliopokezana. Wengi wanamkumbuka yeye. Wachache wanaweza kutaja watano kati ya wale.

Lakini tofauti ni kubwa kuliko ufanani. Mwekaji kasi akijisikia vizuri anaweza kuendelea. Simon Biwott aliajiriwa kuweka kasi Berlin mwaka 2000, akaona wengine wamechoka, akashinda mbio zenyewe. Sammy Korir alikuwa mwekaji kasi hapohapo Berlin mwaka 2003, akamfuata Paul Tergat hadi utepe na kumaliza sekunde 1 nyuma ya rekodi ya dunia. Katika tenisi ya wawili wawili njia hiyo haipo. Uwe hodari utakavyokuwa, huwezi kumwacha mwenzio kilomita ya 30. Akipiga mpira wavuni umepiga wewe. Na asubuhi utakaa naye meza moja ya kiamshakinywa bila kulitaja.

Julai 2022 Kenya ilikuwa imezama kwenye kampeni za uchaguzi wa Agosti. Habari kutoka London ikapenya katikati ya makelele: Angella Okutoyi, wa miaka 18, alikuwa ameshinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon, Mkenya wa kwanza kushinda taji lolote la mashindano makubwa manne. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kwenye fainali walikutana na Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakashinda ya pili 6–4, na mkwaju wa mwisho wakauchukua 11–9. Tisa kwa tisa, na wote wanne wanajua kwamba pointi mbili mfululizo zinafunga kitabu. Hapo ndipo ishara za vidole hupimwa kama ni za kweli, maana mwili unataka kubaki ulipo na kiganja kimeshasema utavuka.

Mboko, yule aliyeshindwa siku hiyo, ni binti wa wazazi kutoka Kongo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, alimshinda Naomi Osaka kwenye fainali ya mashindano ya wazi ya Kanada, mchezo wa mmoja mmoja, mbele ya umati wa Montreal. Ukitaka kujua umbali uliopo kati ya watoto wanne waliolingana hadi 9–9 na kile kinachofuata baadaye, mfano ni huo.

Okutoyi aliingiaje kwenye mchezo wa wenye vilabu? Aliingia kupitia lango la wafanyakazi. Yeye na pacha wake, Roselida Asumwa, walilelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi. Shule ilikuwa na uwanja. Watoto walikuwa pale. Hivyo tu. Ua niliouzungumzia awali, ule wa walowezi, ulirukwa safari hii kwa sababu kazi ya bibi ilikuwa ndani yake. Na kama Wayne na Cara Black, kama ndugu Bryan, mtoto huyu alikuwa na wa kucheza naye tangu tumboni.

Taji la wasichana Wimbledon halina fedha. Mashindano ya vijana hayalipi, na pointi zake si za orodha ya wakubwa. Kwa hiyo bingwa huyo alirudi mwanzo wa ngazi, akafanya alichofanya Wekesa: Januari 2023 alianza masomo Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwa udhamini wa tenisi. Vyuo vya Marekani vina desturi inayomfaa mchezaji wa aina yake. Timu mbili zikikutana, hufungua na mechi tatu za wawili wawili za seti moja moja. Timu inayoshinda mbili kati ya hizo inapata pointi ya kwanza, ndipo mechi sita za mmoja mmoja zinaanza. Pointi hiyo moja hupiganiwa kwa kelele kama za mechi ya kandanda ya shule za upili, na wanafunzi hujifunza kuvuka wavuni, kuonyeshana ishara na kubadilishana wenzi bila kununiana. Si ajabu kwamba wengi wa wanaoishi kwa wawili wawili leo wamepitia huko.

Gharama yake ni muda. Pointi za orodha ya wakubwa hudumu wiki 52, kisha zinafutika. Mwanafunzi aliye na ratiba ya chuo hukosa miezi ya mashindano, na nafasi yake huteremka wakati yeye mwenyewe anazidi kuwa bora. Machi 2024, mjini Accra, Okutoyi alishinda dhahabu ya mmoja mmoja ya Michezo ya Afrika. Dhahabu hiyo ilimpa haki ya kwenda Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: awe ndani ya 400 bora duniani kufikia Juni. Alikuwa na wiki chache tu za kuzikusanya pointi, huku muhula ukiendelea na mashindano ya kuzipata yakiwa nchi nyingine, kila moja na nauli yake. Hakufika, na Paris ilianza bila yeye.